Harufu Yenye Miguu

Mke wa fundi makochi alikuwa na maneno mengi na mkono mwepesi, na viwili hivyo vilikwenda pamoja kiasi kwamba akinyamaza na kazi nayo inasimama. Ndiyo sababu mtaa mzima ulimwita Cherehani. Mumewe aliitwa Fundi tu, na huyo alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Ukimsalimia asubuhi, ushukuru akikujibu kabla ya adhuhuri. Mungu hamnyimi mtu vyote. Huyu alipewa ulimi, na yule akapewa masikio ya kuuvumilia.

Waliishi na kufanya kazi chini ya paa moja. Mbele karakana, nyuma vyumba viwili na jiko, na katikati pazia lililoshonwa kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, kila kipande na rangi yake. Pazia hilo lilizuia macho tu. Vumbi, nyuzi na hasa makombo ya sponji vilipita kana kwamba vina kwao huko nyuma. Ungekuta sponji kwenye mto, kwenye kikombe cha chai, kwenye nywele za Fundi akitoka kuoga. Mgeni akipewa chumvi ilibidi aipulize kwanza.

Sasa, kochi kuukuu likipasuliwa hutoa vumbi la watu wote waliowahi kulikalia, na Cherehani alikuwa na pua ya kupiga chafya mfululizo. Fundi mwenyewe alijifunga kitambaa usoni, na alikwisha mshonea mkewe cha kwake, kizuri, chenye pindo. Cherehani akakikataa. Alisema kinamziba mdomo, na mdomo ndio anaofanyia kazi. Yeye alikuwa na njia yake: alikata vipande viwili vya sponji, akavifinya vikawa kama punje za mahindi, akasokomeza kimoja tundu hili na kingine tundu lile, kisha akaendelea kuongea kwa sauti ya mtu aliyetumbukia mtungini. Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu mmoja tu hakucheka. Yeye alitazama, ametulia tuli, kutoka chini ya meza ya kushonea.

Huyo alikuwa Kifungo, binti wa Fundi, aliyekuwa akikaribia miaka minne na hataki kuambiwa bado. Jina la utani alipewa kwa sababu alikuwa mdogo, wa mviringo, na akishika kitu hakibanduki. Mama yake mzazi alifariki mtoto hajajua kutembea. Shangazi yake, dada mkubwa wa Fundi, akamchukua akamlea kwa uji, kwa sala na kwa ukali wa haki. Fundi alipomwoa Cherehani, shangazi alimrudisha mtoto na begi lake, ila aliacha sharti mlangoni. Alimwambia Cherehani kwa upole kabisa kwamba yeye si mtu wa kugombana, wifi yangu, wala hatapiga kelele. Atakuwa anapita kuangalia. Siku akiona mtoto haendi sawa, atambeba tu.

Cherehani alicheka siku ile, akajibu maneno kama mia, lakini usiku hakulala. Alikuwa hana mtoto wa kumzaa, na mwenyewe alisema hana haraka. Uongo. Alichokitaka kilikuwa kidogo sana: aitwe mama, mara moja, hata kwa bahati mbaya. Kifungo hakumchukia. Alikula alichopika, alilala alipomlaza, alishinda chini ya meza yake akiangalia miguu yake inavyokanyaga mashine. Ila hakumwita chochote. Akimtaka alivuta sketi. Akiwa mbali, alisema "njoo", kama anamwita paka.

Basi siku moja Fundi alisimama katikati ya karakana, akanusa, akatamka sentensi ndefu kuliko zote za mwezi ule. Alisema kuna kitu kimekufa humu ndani.

Cherehani hakusikia harufu yoyote, na angesikiaje, na puani ana sponji usiku na mchana? Lakini mumewe kuongea bila kuulizwa lilikuwa jambo zito, hivyo walianza kutafuta. Na hapa ndipo ufundi ulipowaponza. Mtu wa kawaida akisikia uvundo ataangalia pipa la taka, atainua mkeka, atachungulia nyuma ya kabati. Fundi makochi hafikirii hivyo. Kwake yeye kila siri ya dunia imejificha ndani ya kochi, na dawa ya siri ni kisu.

La kwanza kushukiwa lilikuwa kochi la hakimu. Lilikuwa limeletwa wiki ile na mke wa hakimu libadilishwe kitambaa, kochi kubwa lenye mikono minene na dharau ya kwao. Wakalipasua mgongo. Hakuna kitu. Wakalipasua kiti. Wakakuta kalamu, ganda la karanga na jino la bandia, ila panya mfu waliyemdhania hakuna. Wakalishona. Asubuhi uvundo upo palepale, tena umenenepa. Wakalipasua upya, safari hii mpaka kwenye springi, kisha Fundi akamwarifu mwenye mali kwamba kazi itachelewa kwa sababu kochi lake lina panya mfu. Mke wa hakimu akajibu kwamba nyumbani kwake panya hajawahi kukanyaga, na kama yupo basi ameingia kochini hukohuko kwa fundi. Wakaachana hapo, kila mmoja na hasira yake.

Wakahamia kochi la kinyozi. Wakapasua. Wakahamia viti vya kanisa, sita, vyote vikalazwa chali na kufunguliwa matumbo. Wakapasua na lile kochi jipya ambalo Fundi alilijaza kwa mikono yake mwenyewe na ambalo panya angehitaji ufunguo kuingia. Karakana ikageuka machinjio. Sponji zilitapakaa mpaka barabarani, wapita njia wakauliza kama kuna godoro limelipuka. Na harufu? La kuvunda halina ubani. Cherehani alimwaga sabuni, akamwaga manukato yake ya harusi, na kilichopatikana ni panya mfu aliyejipulizia manukato.

Katikati ya vurugu hizo Kifungo alikuwa na mafua. Hayakumshangaza mtu, vumbi lile lingempa mafua hata tembo. Makamasi yalimtoka, Cherehani akayapangusa kwa mkono mmoja huku wa pili ukiendesha kitambaa chini ya sindano. Jirani alisema ni mafua ya baridi. Muuza dawa aliyeelezwa dirishani bila kumwona mtoto naye akasema ni mafua ya baridi, akatoa dawa ya maji tamu ambayo Kifungo aliipenda kuliko chakula. Siku zikapita, chupa ikaisha, mafua hayakuisha. Mdomo wa juu ukamchubuka upande wa kushoto. Cherehani akaupaka mafuta upande wa kushoto, akapangusa upande wa kushoto, akamwimbia upande wa kushoto, na asijiulize upande wa kulia una neema gani.

Wifi alikuja siku ambayo hakuna aliyemtarajia, na hiyo ndiyo siku anayopenda kuja. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani, akaangalia makochi yaliyolala matumbo wazi, akavuta pumzi, akaziba pua kwa ncha ya mtandio. Fundi alimpa dada yake kiti kizima pekee kilichobaki. Kifungo akaja kusalimia, akapanda mapajani mwa shangazi, na shangazi akageuza uso kidogo, kama mtu anayeangalia saa ukutani. Ukutani hapakuwa na saa.

Hakugombana, kama alivyoahidi. Alisema tu nyumba inanuka, mtoto anaumwa, mdomo umechubuka, na mdogo wake Fundi kazi yake ni kupasua makochi ya watu. Alisema hamlaumu wifi yake, kwa sababu uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wifi hakuzaa. Kisha akaomba afungiwe nguo za mtoto, kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

Cherehani alimtazama mumewe. Fundi alizitazama kucha zake za miguu, moja moja.

Akaenda chumbani nyuma ya pazia. Akalishusha lile begi, akaanza kukunja magauni madogo aliyoyashona kwa mabaki ya vitambaa vya makochi, lenye maua, lenye mistari, lile zito la kijani ambalo Kifungo akilivaa hawezi kukaa vizuri. Akaanza kulia. Lakini jaribu wewe kulia ukiwa umeziba matundu yote mawili kwa sponji. Alipaliwa, akakohoa, ikabidi azichomoe zile sponji ili alie kama binadamu. Akalia vizuri. Kisha pazia likatikisika, Kifungo akaingia kubadilishwa nguo.

Harufu iliingia naye.

Cherehani aliinua uso. Ilimpiga barabara, uvundo wa kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Alitaka kusema kitu, lakini Kifungo alimkumbuka mwanasesere wake, akakimbilia jikoni. Harufu ikatoka. Chumba kikabaki na harufu ya magauni safi. Cherehani akasimama kama aliyepigwa na butwaa, gauni la kijani mkononi. Kifungo akarudi na mwanasesere. Harufu ikarudi.

"Hebu nenda mlangoni mara moja," akamwambia.

Kifungo akaenda. Uvundo ukaenda naye, ukasimama mlangoni.

"Haya, rudi."

Ukarudi. Cherehani akaanza kucheka. Alimtuma jikoni, akamtuma dirishani, akamzungusha kitanda, na Kifungo akaupenda mchezo huo, akazunguka mbio akicheka, na harufu ikikata kona nyuma yake bila kumpoteza. Fundi na dada yake walipofungua pazia walimkuta Cherehani ameketi sakafuni, machozi bado mashavuni, anacheka mpaka amekosa pumzi. Wifi akamnong'oneza mdogo wake kwamba mkewe kurukwa na akili lilikuwa suala la muda tu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutaja pua, lakini wangeishi na mafundi makochi wangeitaja. Cherehani alimkamata mtoto, akamwinua kidevu kuelekea dirishani. Tundu la kulia lilikuwa kavu, safi, kama la mtoto wa kwenye kalenda. La kushoto lilikuwa limevimba, linatiririka uchafu wa kijani, na ndimo mlimokaa panya wa hakimu.

"Ni mafua hayo," wifi alisema. "Mtoto kachoka."

"Mafua gani, wifi, yanayochagua tundu?"

Fundi, ambaye alikuwa haamini kama kuna tatizo lisilotatuliwa kwa chombo, alitoka kimya akarudi na koleo refu la kung'olea pini. Hapo Cherehani na wifi yake walikubaliana kwa mara ya kwanza tangu wajuane. Walimkaripia kwa sauti moja, akalirudisha koleo mahali pake. Wakamvalisha mtoto lile la kijani, wakafunga karakana. Wifi alibeba begi. Alisema akitoka kwa daktari atapitiliza nalo nyumbani kwake, pamoja na mwenye nguo.

Zahanati ya masikio, pua na koo ilikuwa na benchi moja refu na kila aina ya shida imeketi juu yake. Kijana mmoja alikuwa anatokwa damu puani, amebetua kichwa nyuma anaangalia dari. Muuguzi alipita, akamrudisha kichwa mbele, akamwonyesha afinye ile sehemu laini ya pua, apumue kwa mdomo, asiachie mpaka aambiwe. Alimwambia akiinamia nyuma damu haiishi, anaimeza tu. Pembeni yake alikuwapo mzee aliyeziba sikio moja. Kila mtu alimpigia kelele kumweleza zamu yake, naye akawaeleza wote kwamba husafisha masikio kila siku kwa njiti ya kiberiti na haelewi kwa nini hasikii. Cherehani alielewa papo hapo. Ndivyo anavyojaza mto: unasukuma kwa kijiti, unasukuma, mpaka hakupenyi hata sindano. Alifungua mdomo amweleze, akakuta mdomo hautoi kitu. Begi lilikuwa miguuni pa wifi, na yeye hakuweza kuacha kuliangalia.

Tabibu alikuwa mwanamke mfupi mwenye taa kwenye paji la uso na vidole vya baridi. Hakuuliza maswali mengi. Alisikia neno "tundu moja" na neno "harufu", akaitikia kwa kichwa mara kadhaa kama mtu aliyeletewa wimbo anaoujua. Alisema mafua ni mgeni wa nyumba nzima, hujaza vyumba vyote. Mtoto akivuja tundu moja tu, na linanuka, basi mle ndani kuna kitu kimeingizwa, na watu watasema mafua mpaka kesho. Akauliza haraka kama nyumbani kuna betri ndogo za saa au za vichezeo, maana hizo hula nyama ya pua kwa saa chache na haziwezi kungoja. Fundi akajibu hapana, kwake ni pini, nyuzi, vifungo na sponji. Tabibu akawasha taa, akachungulia.

"Kipo," alisema. "Nakiona kinaniangalia."

Akachukua kibanio chembamba. Kifungo alikiona. Hapo ndipo watu wa benchini walipojua kwamba mle zahanati kuna koo moja lisilohitaji matibabu kabisa. Alipiga mateke, alishika mlango, alishika taa ya tabibu, na alichoshika hakikubanduka. Tabibu hakulazimisha. Alikiweka kibanio mbali, akasema akivuta kwa nguvu kitu kitasukumwa nyuma, na nyuma ni njia ya pumzi. Kwa mtoto anayepigana kuna njia nyingine ya kuanza nayo, haina chuma. Mtu mzima anayemwamini anamweka mapajani, anaziba kwa kidole lile tundu zima, anaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mtoto ulio wazi, uzibe pande zote, kisha anampulizia pumzi moja fupi yenye nguvu. Hewa ikikosa pa kupita inatokea kwenye tundu lililoziba, na inatoka na mpangaji wake. Mtoto huambiwa ni busu kubwa.

"Kawaida hufanya mama," akamalizia. "Mama ni nani?"

Cherehani aliliangalia begi tena. Wifi akasema yeye ndiye aliyemlea tangu akiwa mikononi, na ilikuwa kweli tupu. Akaketi, akampakata mtoto, akainama. Kisha uvundo ukamfikia, na kabla hajajizuia akageuza uso kuelekea saa isiyokuwepo. Kifungo akafunga mdomo kwa nguvu zote. Shangazi alimbembeleza, akamwahidi peremende, akamwita majina yote mazuri. Mdomo haukufunguka, na wifi wa watu macho yakamlowa. Usimcheke. Alimpenda yule mtoto kuliko nafsi yake, ila pua haina adabu.

Tabibu akachuchumaa mbele ya Kifungo. "Haya mkubwa, sema wewe. Nani akupe busu?"

Kifungo hakufikiri. Alinyoosha kidole kwa Cherehani.

"Huyu. Huyu ndiye anajua mambo ya pua."

Cherehani aliketi. Akampakata. Neno lile, mambo ya pua, lilimzunguka kichwani bila kutua. Akaweka kidole kwenye tundu la kulia kama alivyoelekezwa. Uvundo ulikuwa umbali wa kope, na leo hakuwa na sponji ya kumkinga, akauvuta wote, akauona wa kawaida kabisa. Akainama. Kifungo akafungua mdomo wazi kama kifaranga.

Pumzi ya kwanza iliishia mashavuni, mtoto akacheka ndani ya mdomo wake. Tabibu akasema fupi, kali, kama unazima mshumaa wa mbali. Ya pili ilitoka na maneno yote ambayo Cherehani hakuyasema tangu nyumbani. Kikasikika kishindo kidogo cha majimaji, kitu kikaruka, kikapita karibu na sikio la tabibu, kikatua kwenye mtandio wa wifi, begani, kikanata hapo kama nishani.

Wote wakakiangalia. Kilikuwa cheusi, kinateleza, kinanuka kuliko dhambi. Fundi akakisogelea, akakibonyeza kwa kucha, kikabonyea kikarudi, na uso wa mtu yule asiyesema ukachanua kama amekutana na ndugu.

"Sponji," alisema. "Tena ile nzuri, ya daraja la kwanza."

Ni wifi aliyeanza kucheka. Alijaribu kuzuia, akatoa mlio, kisha akaangua, na kile kitu kikatikisika begani, na kila kilipotikisika akazidi. Fundi akacheka, na watu hawakuwahi kumsikia akicheka, kumbe ana kicheko cha kukwaruza kama meza inayoburutwa. Tabibu akacheka huku akimsafisha Kifungo, akichungulia tundu la pili, kisha masikio yote mawili, kwa sababu, alisema, mwenye duka moja huenda ana matawi. Hakukuwa na tawi. Akasema ngozi ya ndani imechubuka kidogo, itapona yenyewe kwa maji ya chumvi aliyowapa, na harufu itakwisha kabla hawajakisahau kicheko. Kisha akamuuliza mtoto kwa upole nani aliitia mle.

"Mimi," Kifungo alisema. "Nilitia mbili, kama mama. Moja ikadondoka."

Alisema hivyo kama anayeeleza bei ya nyuzi, kisha akaomba ateremshwe. Hakujua amesema nini. Wakubwa wanne ndio waliojua. Cherehani akamwona yule mtoto chini ya meza, siku zote zile, akitazama bila kucheka, akijifunza. Akamwona akichagua vipande viwili sakafuni, vidogo vya kumtosha, avifinye kama yeye, azibe kama yeye, akae afanye kazi kama yeye. Yeye alikuwa akingoja neno, na mtoto alikwisha kumwita kwa njia nyingine siku nyingi, tena kwa tundu moja la pua, na wao wakapasua makochi ya mji mzima wakimtafuta panya. Aibu ilimshika na furaha ikamshika, kila moja mkono wake, na hakujua aifuate ipi.

Tabibu alimwambia Cherehani asije akatia tena kitu puani, wala yeye wala mtu wa nyumba yake, avae kitambaa kama mumewe. Naye akaitikia kwa kichwa. Wifi aliuvua mtandio wake, akaukunja na kile kitu ndani. Akainama akalishika begi. Alilishika muda, akilisawazisha mkanda uliokuwa umenyooka tayari. Kisha akampa mdogo wake.

"Beba," alimwambia. "Nguo za mtoto zinarudi kwao. Na mimi nitakuja Jumapili, si kuangalia. Nitakuja kula."

Walirudi kwa miguu, jua likiwa bado juu. Fundi alitangulia na begi kichwani, na kwa kuwa mkewe alikuwa kimya, na kimya hicho kilimtisha, alianza kuongea mwenyewe. Aliongea habari za vitambaa vitatu atakavyoshona usiku huohuo, kikubwa, cha kati na kidogo, vyote na pindo. Aliongea jinsi atakavyomweleza mke wa hakimu, na kama kuna namna ya kumwomba radhi panya ambaye hakuwepo. Akaongea habari za hali ya hewa. Cherehani alimfuata nyuma, Kifungo amemshika sketi.

Walipokaribia mlangoni, ile sketi ikavutwa mara mbili.

"Mama," Kifungo alisema, "mbona huongei?"

Basi akaongea. Alianza palepale kizingitini, akaongea wakati wa kufungua mlango, akaongea wakimimina maji ya chumvi, akaongea akivishona viti vya kanisa kimoja baada ya kingine, na kesho yake akaongea ndani ya kitambaa chenye pindo, na pembeni yake, chini ya meza, ndani ya kitambaa kidogo kuliko hicho, mtu wa pili naye akawa anaongea.